U 87 ya Mwanga: maiki iliyotangazwa kufa kabla ya kupimwa

Kwaya moja ya Mwanga, Kigoma, ina maiki ambayo studio nyingi za Dar es Salaam zingeitamani: Neumann U 87 ya toleo la zamani. Iliachwa na mmisionari aliyekuwa akirekodi kwaya za mwambao wa ziwa, ambaye siku ya kuondoka mizigo ilimshinda. Kwa miaka mingi imerekodi nyimbo zao bila matata. Masika haya ikaanza kukwaruza. Fundi wa kwanza aliyeitwa aliiwasha, akasikiliza kidogo, akasema imekufa. Kabla kamati haijakaa, mnunuzi akawa ameshapiga simu kutaka "hilo bovu" kwa fedha ambayo hainunui hata bodaboda iliyochakaa.

Mwalimu wa kwaya aliniita nikathibitishe kifo, ili wauze bila kulaumiana. Naandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu makosa yaliyofanyika hapa nayaona kila mahali penye maiki ya kondensa, ya bei kubwa na ya bei ndogo.

Kwanza tujue mgonjwa ni nani. U 87 ilitoka kiwandani Berlin mwaka 1967. Iliyoitangulia, U 67 ya mwaka 1960, ilitumia taa ya redio aina ya EF86. Hii ikaja na transista. Ndani ya wavu wake kuna kapsuli yenye viwambo viwili vya plastiki iliyopakwa dhahabu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja na upana wa karibu inchi moja na wembamba wa kuhesabiwa kwa mikroni. Kiwambo na bamba la chuma lililo nyuma yake ni kapasita, yaani kitu kinachotunza chaji ya umeme. Sauti ikikisukuma kiwambo, umbali kati yao unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuka kuwa mawimbi ya umeme. Lakini kapasita isiyo na chaji haisemi kitu. Lazima itiwe volti, na zibaki pale bila kuvuja. Shika hilo la kuvuja, tutarudi kwake.

Nilipoteremsha mwili wa maiki nikakuta nafasi ya betri mbili, zile za volti 22.5 kila moja. Hilo peke yake linatuambia umri: toleo la U 87 Ai lililotoka mwaka 1986 halina betri. Nafasi ilikuwa tupu na safi, hakuna kutu wala unga mweupe wa betri iliyovuja. Swichi ya mbele ya kuchagua upande wa kusikia ilikuwa inageuka vizuri, na zile mbili za nyuma, ya kupunguza sauti kwa desibeli 10 na ya kukata besi, pia zilikuwa hai. Kwa macho tu, mzee huyu hakuwa na dalili za maiti.

Malalamiko yaliletwa kwangu katika fungu moja: "maiki imeharibika." Nilipowauliza mmoja mmoja, fungu likafumuka na kutoa matatu. Kijana anayekaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, alisema sauti imekuwa ndogo, anapandisha kitufe mpaka mwisho na bado anapata mvumo zaidi ya sauti. Waimbaji walisema inakwaruza na kupasuka. Mwenyekiti, ambaye hasira zake zilikuwa mpya kuliko za wengine, alisema imewaaibisha kwenye mkutano wa hadhara kule Kibirizi kwa kupiga mluzi mbele za watu. Fundi wa kwanza alichukua dalili zote tatu akazipa jina moja. Hapo ndipo uchunguzi ulipopotea, kwa sababu kila dalili ilikuwa na mwenyewe.

Nilianza na ile ya sauti ndogo, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Maiki hii hula umeme unaopandishwa na mikisa kupitia waya uleule wa sauti, umeme wa fantomu, ambao kawaida yake ni volti 48, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa volti 4. (Kwa nini 48? Mwaka 1966 Neumann waliitengenezea redio ya taifa ya Norway maiki ndogo za transista, KM 84, na majengo ya redio hiyo tayari yalikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Wakautumia huohuo. Dunia nzima sasa inafuata taa za dharura za Wanorwe.) Kipimo chake hakihitaji utaalamu: multimita kwenye volti za DC, mguu mweusi pini namba 1 ya XLR (plagi ya maiki yenye pini tatu), mwekundu pini namba 2, kisha namba 3. Mikisa ya kwaya ilitoa volti 34 kwenye zote mbili. Taa nyekundu iliyoandikwa "48V" ilikuwa inawaka bila wasiwasi wowote.

Taa hiyo imedanganya watu wengi. Inaonyesha kwamba swichi imebonyezwa, basi. Mikisa nyingi ndogo hupata volti 48 kwa kurundika volti kupitia kapasita kadhaa, na kapasita hizo zikikauka kwa joto na umri, volti hushuka kimyakimya. Nilichomeka waya kwenye saundikadi ya yule kijana, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, multimita ikasoma 48 na pointi kidogo.

Sasa, kwa maiki ya kisasa yenye kipandisha volti chake ndani, upungufu huo huenda usisikike. U 87 Ai inacho. Hii ya zamani haina. Inachaji kapsuli moja kwa moja kutoka kwenye fantomu, kwa hiyo volti zikipungua, usikivu wa kapsuli unapungua kwa uwiano uleule. Kutoka 48 kwenda 34 ni kupoteza kama desibeli 3, na transista nayo inabaki na nafasi finyu kabla ya sauti kuanza kuchanika. Ongeza na jambo lingine ambalo fundi wa kwanza hakulijua: hata ikiwa nzima, U 87 ya zamani ni maiki ya sauti ya chini. Hutoa milivolti 8 kwa kila paskali (kipimo cha mkandamizo wa sauti), wakati Ai hutoa 28. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 11. Mtu aliyezoea kondensa za leo zinazopiga kelele akiisikia hii lazima aseme imechoka. Ilikuwa hivyo tangu ilipozaliwa.

Dalili ya kwanza ikawa imemalizika bila kugusa maiki. Mgonjwa alikuwa mikisa.

Kukwaruza ndiko kulikokuwa na kesi yenyewe. Kabla ya kufungua chochote niliuliza swali ambalo naona lingeulizwa kwanza kabisa: inakwaruza saa ngapi? Mama wa sauti ya pili anayetunza funguo za stoo alijibu hapohapo, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. "Asubuhi ya Jumapili kabla ya ibada, na usiku wa mazoezi mvua ikiwa imenyesha. Mchana iko sawa, fundi, mchana hata usingejua."

Waya uliokatika hauchagui saa. Transista iliyoungua haiponi mchana ikaugua usiku. Kinachobadilika Kigoma kati ya alfajiri na saa nane mchana ni hewa: usiku ziwa linajaza unyevu kila mahali, jua likipanda joto linaukausha. Bado nilipita njia ya kawaida ili nisijitungie jibu. Maiki ya dainamiki, aina isiyotumia chaji, kwenye waya ule na chaneli ile: kimya. U 87 kwenye waya mpya: inakwaruza. U 87 kwenye saundikadi yenye volti zake kamili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi: inakwaruza, mipasuko midogo isiyo na mpangilio kama bisi kwenye sufuria, halafu sauti inazama, halafu inarudi. Waya na mikisa vikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Nikafungua wavu, bila kugusa kapsuli. Chini ya mwanga wa tochi ukingo wa kiwambo cha mbele ulikuwa uking'aa dhahabu safi. Katikati, mahali midomo inapoelekea, dhahabu ilikuwa imefifia: duara la ukungu wa kijivu lenye vidoa vidogo vilivyokauka. Cha nyuma kiling'aa chote. Ni miaka ya waimbaji kusogea karibu na kuimba herufi za P na B bila kichujio chochote mbele.

Mate yakikauka huacha chumvi, chumvi hukamata vumbi, na vyote viwili huvuta maji kutoka hewani. Kumbuka lile la kuvuja. Chaji ya kapsuli inalindwa na ukinzani mkubwa ajabu. Ndani ya U 87 kuna rezista ya gigaomu 1, yaani omu milioni elfu moja, na vihami vya kapsuli, sehemu zisizopitisha umeme, vinatakiwa vizuie zaidi ya hapo. Utando wa chumvi uliolowa, hata usioonekana kwa macho, unatosha kuwa njia ya chaji kutorokea. Inatoroka kwa vipindi, na kila kipindi ni mpasuko mmoja kwenye spika. Mchana utando unakauka, njia inakatika, maiki "inapona". Maiki ya dainamiki haina chaji ya kulinda, ndiyo maana haijui masika wala kiangazi.

Niliiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira pamoja na silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Ilipotoka ilikuwa kimya kabisa alfajiri, saa ileile iliyokuwa ikigombana. Kisha tukaijaribu kwenye mazoezi ya usiku, ukumbi umejaa, mvua nje, madirisha yamefungwa. Kabla wimbo wa tatu haujaisha mipasuko ikaanza tena. Majaribio hayo mawili yakisomwa pamoja yanasema hivi: unyevu ndio unaoifanya ikwaruze, lakini uchafu ndio unaoukaribisha unyevu. Kuikausha ni kuituliza. Tiba ni kuisafisha kapsuli.

Na hapa ndipo kila mtu alikuwa na dawa. Mwenyekiti alitaka ianikwe juani. Mzee mmoja akasema izikwe kwenye mchele kama simu. Kijana wa mikisa alikuwa na spiriti na pamba tayari mkononi. Jua la Kigoma linaweza kulegeza au kukaza kiwambo kisirudi kama kilivyovutwa kiwandani. Mchele una unga, na unga ndio chakula kipya cha unyevu. Pamba ndiyo iliyonitisha zaidi, maana dhahabu ile imepakwa nyembamba mno na nyuzi za pamba zikisuguliwa juu yake, pamoja na spiriti inayohamisha uchafu kutoka katikati kwenda kwenye kihami cha ukingoni, unaweza kutoka na kapsuli ambayo sasa kweli imekufa. Nilimwomba kijana anipe ile chupa, akanipa huku akicheka. Wanaosafisha kapsuli hizi kazi yao ni hiyohiyo, wana brashi laini, maji yaliyotoneshwa, hadubini na mikono iliyoharibu nyingine za bei ndogo kabla ya kushika hizi.

Sasa twende Kibirizi. Kwaya ilialikwa kwenye mkutano wa jioni karibu na mwalo, jukwaa la mbao, spika mbele na mbili za kuwasikilizisha waimbaji. Wakaamua wapeleke maiki yao bora. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa na mantiki ya sokoni: maiki ya bei lazima isikike mbali. Wakaisimamisha mbele ya safu ya kwanza, kama hatua mbili, kwaya nzima nyuma yake, spika za jukwaani zikiiangalia.

Mluzi uliofuata haukuwa ugonjwa wa maiki. Kila umbali kati ya mwimbaji na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti yake inayofika pale inapungua kama desibeli 6. Sauti ya spika ya jukwaani haipungui, maana spika haijasogea. Mtu wa mikisa anapandisha ili kwaya isikike, anapandisha na spika ndani yake, duara linajifunga, maiki inalia. Na kiwambo kikubwa hakikatai sauti za pembeni kwa usawa: zile nyembamba kinazikata, nzito kinazipokea kwa ukarimu, kwa hiyo kinachorudi ni mvumo wa tope kabla ya mluzi wenyewe. Upepo wa ziwa ukamalizia kazi kwa kugonga viwambo ambavyo havina hata sponji. Mahali kama pale ni pa Shure SM58 na jamii yake, dainamiki iliyopo tangu mwaka 1966, inayobandikwa karibu na midomo, inayodondoka na kuokotwa. Kwa kwaya nzima ya jukwaani, kondensa ndogo kadhaa zilizowekwa kwa mpango zingesaidia. Hii, hapana.

Mzee wa besi alinipinga, na naheshimu alichosema. Alicheza muziki wa Lake Tanganyika Jazz enzi za ujana wake, bendi ya hapahapa Kigoma ambako Shem Karenga alianzia kabla ya kuhamia Tabora Jazz. "Siku hizo maiki zilikuwa chache, mwanangu, na tulisikia kila neno." Ni kweli. Lakini jukwaa la siku hizo halikuwa na spika zinazowatazama waimbaji usoni. Na wenye tarumbeta walijua kurudi nyuma hatua moja mwimbaji akianza. Mizani ya sauti ilifanywa kwa miguu. Nilimwambia kwamba kama kwaya itakubali kuimba watu sita tu wakiizunguka U 87, ukumbini, bila spika za jukwaani, atausikia tena ule mpangilio wa zamani. Bado wanajadiliana nani watakuwa hao sita, na mjadala huo mimi simo.

Kamati ilipokaa, mhasibu alitoa hoja ambayo wengi waliipuuza haraka mno. Alisema kwaya ina maiki moja ya kitajiri na haina hata dainamiki nne zinazofanana. Iuzwe, wapate mikisa mpya na maiki za jukwaani, mambo yaende. Si hoja ya kipuuzi. Kwaya inayoimba jukwaani kila mwezi na kurekodi kwa nadra inahitaji dainamiki kuliko inavyohitaji Neumann. Nilichokataa ni bei na jina. U 87 Ai mpya inauzwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani, na za zamani zina wanaozitafuta kwa sauti yake. Maiki yenye kapsuli chafu inauzwa kama maiki yenye kapsuli chafu, ikiwa na maelezo ya vipimo, namba yake na picha ya ndani. Kuiuza kama chuma chakavu ni kumpa mtu zawadi.

Mwalimu akasema haiuzwi. Kwa sasa mwalimu ameshinda, nusu. Fedha za mavuno zitanunua dainamiki. Mikisa imebadilishwa kapasita za upande wa fantomu na fundi wa redio wa Mwanga sokoni, ikapimwa tena, 47 na nusu, ndani ya kiwango. Kupeleka kapsuli kwa msafishaji kumesogezwa mpaka masika yaishe, na nimewaambia namba ya maiki iandikishwe forodhani kabla haijavuka mpaka, isije ikarudi nyumbani na kutozwa ushuru kama mgeni.

Kwa muda huu inakaa kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Silika jeli ni ile inayobadilika rangi, ili mama wa funguo aone yenyewe imeshiba au la. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vilishanyonya unyevu tangu dukani na havifai mpaka vikaushwe kwa moto mdogo. Hakuna anayeimba karibu kuliko shubiri moja, na mbele yake kuna soksi ya nailoni iliyokazwa kwenye duara la waya. Kurekodi ni kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Wenye kazi za ofisini wamelalamika, wakapewa Jumamosi.

Na nimewaachia kipimo kimoja cha kuangalia. Ikikwaruza alfajiri au usiku wa mvua, ni habari ileile, irudi kwenye ndoo. Ikikwaruza saa nane mchana, siku ya jua, ikiwa imetoka kwenye ndoo na fantomu imepimwa ikakutwa nzima, basi si unyevu tena. Hapo ifungwe isiwashwe, nipigiwe, maana tutakuwa tunatafuta kitu kingine: mguu wa transista, ile rezista ya gigaomu, au soketi iliyolegea.